Tumbo la gari na jiwe la barabara: historia ya kinga isiyoonekana

GOMA – Shofere yeyote anayepita mitaa ambako lava ya Nyiragongo ilimwagika tarehe 17 Januari 2002 anaujua ule mlio. Chuma kinakwaruza jiwe, abiria wananyamaza, shofere anasimama na kuinama kutazama chini ya gari. Kama hakuna tone, anamshukuru Mungu na kuendelea. Kama mafuta meusi yanadondoka juu ya jiwe, siku imeharibika, na pengine mwezi mzima.

Sehemu inayoumia mara nyingi ni karteri, yaani lile bakuli lililo chini kabisa ya injini, ambamo mafuta ya injini yanakaa. Mafuta hayo yakiisha, vyuma vya ndani vinasagana vikiwa vikavu, vinapata moto, kisha vinashikana. Injini iliyoshikana haitengenezwi kwa bei ya karteri. Ndiyo maana tundu dogo kama kidole linaweza kusimamisha taksi iliyokuwa ikilipa karo za shule za watoto wa nyumba nzima.

Wengi wanadhani dawa yake ni moja: kwenda kwa fundi, kukata bamba la chuma na kulifunga chini. Lakini historia ya magari ya chini, hasa yale ya michezo ambayo tumbo lake linakaribia kugusa ardhi, inafundisha jambo jingine. Bamba ni kinga ya pili. Kinga ya kwanza ni kimo. Somo hilo liligharimu miaka mingi na magari mengi, na sehemu kubwa yake ilifundishwa hapa jirani, katika Kenya, Uganda na Tanzania.

Mashindano yaliyozaliwa kwenye matope

Mwaka 1953, wakati Uingereza ikijiandaa kumtawaza Malkia Elizabeth wa Pili, wapenzi wa magari katika makoloni yake ya Afrika Mashariki waliandaa mashindano ya kusherehekea tukio hilo. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 mashindano yalipewa jina la East African Safari, na baadaye dunia nzima ikayajua kama Safari Rally.

Mashindano hayo hayakuwa na uwanja. Magari yalipita barabara zilezile za mabasi, malori, ng'ombe na watu wanaotoka sokoni. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya mvua, na safari nzima ilikaribia kilomita 5,000. Asubuhi ilikuwa vumbi na mawe, mchana mvua, usiku matope ya kufika milangoni.

Katika miaka ya mwanzo, gari lililong'ara halikuwa la kifahari. Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Injini yake ilikaa nyuma, na sakafu yake ilikuwa bapa, bila vyuma vingi vinavyoning'inia mbele na katikati. Gari la namna hiyo likikalia tuta la udongo, linateleza juu yake badala ya kunasa. Pengine waliolichora huko Ujerumani hawakuwa wakiifikiria barabara ya Uganda, lakini umbo la tumbo lake lilifaa.

Kisha ukaja mwaka 1963. Magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakamaliza 7. Mara zote mbili waliotangulia walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Wazee wa Kivu wanaikumbuka 404: gari refu la familia, lenye tumbo la juu na springi laini zinazomeza mashimo. Halikuwa gari la mbio, ila lilikuwa gari la kufika.

Magari ya chini yanaingia

Baada ya hapo viwanda vya Japani na Ulaya vilitaka jina. Kushinda Safari kulikuwa tangazo kubwa kuliko lolote la gazeti, kwa sababu mnunuzi alielewa mara moja: gari lililotoka salama kule litatoka salama popote. Hivyo yakaja magari ambayo kwa umbo lake hayakustahili kuwa pale.

Mwaka 1971 Datsun ilileta 240Z, gari la watu wawili lenye pua ndefu, lililotengenezwa kwa barabara laini na kuuzwa sana Marekani. Watu walilitazama wakajiuliza litavukaje mabonde. Edgar Herrmann na Hans Schüller walilishindisha, na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta ikashika nafasi ya pili. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwenyewe kwa gari la aina hiyohiyo. Yeye na Harry Källström walikuwa wamelingana pointi, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuwa alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupoteza pointi yake ya kwanza.

Kwa hiyo gari la chini liliweza. Lakini 240Z iliyokimbia Safari haikuwa ileile ya dukani. Magari ya kiwanda yaliandaliwa kwa barabara ile: springi za kuliinua, amotisa ngumu, na bamba la kufunika sehemu ya chini ya injini. Kwanza liliinuliwa, halafu likavalishwa.

Porsche nao walijaribu. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alikuja na Porsche 911 Carrera RS, gari lenye kasi kubwa. Alimaliza wa pili. Aliyemshinda alikuwa Joginder Singh, mtoto wa Kenya aliyeanzia katika ufundi wa magari, ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo.

Mwaka 1978 Porsche walirudi wakiwa wamesoma. Gari lao la 911 SC liliinuliwa mpaka tumbo likawa sentimita 28 juu ya ardhi. Chini yake lilifunikwa kwa mabamba, mbele likafungwa vyuma vya kuzuia wanyama. Gari la michezo likasimama kama pikapu. Hata hivyo mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504 Coupé. Porsche ya Vic Preston mdogo ilikuwa ya pili, na ya Waldegård ya nne.

Lancia walipata funzo lilelile. Gari lao la Stratos, fupi na bapa kama kabari, liliwapa ubingwa wa dunia wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976. Lakini Safari halikushinda hata mara moja. Mwaka 1975 magari mawili ya Stratos yalimaliza ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Audi Quattro, iliyobadilisha mchezo mzima wa rali, nayo haikushinda. Audi walipata ushindi wao mwaka 1987 kwa Audi 200, gari kubwa la milango minne ambalo mtu angedhani ni la mkurugenzi wa benki.

Ukiyaweka majina hayo katika mstari mmoja, utaona kwamba mara nyingi barabara ilichagua gari lenye tumbo la juu mbele ya gari lenye mbio. Yale machache ya chini yaliyoshinda yalikubali kwanza kupanda.

Bamba lenyewe linafanyaje kazi

Mafundi wa rali waligundua mapema kwamba bamba baya linaweza kuua injini kuliko jiwe. Maarifa waliyoyapata ni rahisi kueleza, na yanafaa kwa garaji yoyote ya Goma, Bukavu au Uvira.

La kwanza, bamba halifungwi kwenye injini wala kwenye karteri. Linafungwa kwenye mwili wa gari, pale penye nguvu. Likifungwa kwenye injini, kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye kile kinachotakiwa kulindwa.

La pili, lazima pabaki nafasi kati ya bamba na karteri. Bamba litapinda, hiyo ndiyo kazi yake. Kama limegusana na karteri tangu mwanzo, pigo la kwanza litaipasua karteri kama vile hapakuwa na bamba.

La tatu ni umbo. Sehemu ya mbele inapinda kwenda juu, kama pua ya mtumbwi wa Ziwa Kivu. Mtumbwi unapanda wimbi kwa sababu ya pua yake, na bamba linapanda jiwe vivyo hivyo. Bamba bapa lililokatwa wima mbele linafanya kama jembe: linashika jiwe, na gari linasimama kwa kishindo.

La nne ni vichwa vya bulo. Vikitokeza nje, jiwe linavikata kimoja baada ya kingine, na siku moja bamba zima linaburutwa barabarani. Vinatakiwa kuzama ndani ya chuma.

La tano ni hewa na uzito. Injini inapoa kwa hewa, na sehemu ya hewa hiyo inapita chini. Bamba lililofunika kila kitu bila tundu linazuia joto kutoka, na matope yakijaa juu yake hali inakuwa mbaya zaidi. Vilevile linatakiwa tundu la kumwagia mafuta ya zamani, la sivyo fundi atalazimika kufungua bamba zima kila mara. Chuma kizito nacho kinashusha pua ya gari, na hapo sentimita zilezile zilizotafutwa zinapotea. Ndiyo maana timu za rali zilihamia kwenye alumini, na baadaye kwenye nyuzi ngumu kama Kevlar, ambazo ni nyepesi na bado zinastahimili pigo.

Kuinua gari nako kuna gharama yake. Gari lililopandishwa linayumba zaidi kwenye kona na linaweza kupinduka kwa urahisi zaidi. Mipira ya breki inavutika, na vyuma vinavyozungusha magurudumu vinafanya kazi kwa pembe ambayo kiwanda hakikuipanga. Timu tajiri zilibadilisha springi, amotisa na mikono ya magurudumu kwa pamoja. Anayeweka kipande cha mpira juu ya springi na kuishia hapo amepata kimo na kununua tatizo jingine.

Ulaya ilipolazimisha magari kupanda

Katika miaka ileile ambayo Porsche walikuwa wakiinua gari kwa ajili ya Safari, wenzao wa Formula 1 huko Ulaya walikuwa wakifanya kinyume. Waligundua kwamba hewa inayopita kwa kasi chini ya gari inalivuta gari kwenye ardhi, kama linanyonywa. Kadiri tumbo linavyokaribia lami, ndivyo mvuto unavyoongezeka na kona kuchukuliwa kwa kasi zaidi. Mwaka 1978 Mario Andretti alikuwa bingwa wa dunia akiwa na Lotus iliyojengwa kwa wazo hilo.

Tangu hapo kila timu ilitaka kushuka. Mwaka 1983 sheria ziliamuru sakafu ziwe bapa, lakini magari yaliendelea kukimbia karibu na lami kiasi cha kuikwaruza. Cheche zilizoruka nyuma yake zilipendeza kwenye televisheni, ila zilitoka kwenye vyuma vilivyowekwa chini ili kulinda sakafu isiliwe na barabara. Hatari yake ilijulikana: tumbo likigonga lami, hewa ya chini inakatika, mvuto unapotea ghafla, na dereva anabaki na gari lisilomsikia.

Wikendi moja ya mwaka 1994, huko Imola nchini Italia, madereva wawili walikufa: Roland Ratzenberger tarehe 30 Aprili, na Ayrton Senna tarehe 1 Mei. Wakuu wa mchezo walibadilisha sheria nyingi kwa haraka ili kupunguza kasi. Mojawapo ilihusu tumbo la gari. Kuanzia mashindano ya Ujerumani mwezi Julai mwaka huo, kila gari lilifungwa ubao chini yake wenye unene wa milimita 10. Baada ya mbio ubao unapimwa. Ukilika zaidi ya milimita 1, gari linafutwa.

Ubao huo hauko pale ili kulinda gari dhidi ya mwamba. Uko pale ili kumkamata anayeshuka mno. Dereva anayetaka ubao wake ubaki mzima hana njia nyingine ila kuliinua gari.

Mtu wa kwanza maarufu kuumia alikuwa Michael Schumacher. Mwezi Agosti 1994 alivuka mstari wa kwanza huko Ubelgiji, lakini ubao wake ulikutwa umeliwa kupita kiasi. Timu yake ilisema uliharibika alipozunguka na kupita juu ya ukingo wa njia. Majaji walikataa, na ushindi ukapewa Damon Hill. Miaka 29 baadaye sheria ilikuwa bado hai: mwezi Oktoba 2023, huko Austin nchini Marekani, Lewis Hamilton, aliyekuwa wa pili, na Charles Leclerc, aliyekuwa wa sita, walifutwa wote wawili kwa sababu ya ubao. Njia ya Austin ina mabonde madogomadogo, na magari yao yalikuwa yamewekwa chini mno.

Barabara ya mawe ya Afrika Mashariki na lami ya Ulaya zilifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti. Kinachowekwa chini ya gari hakiponyi kosa la kimo. Kinapunguza tu adhabu, au kinaionyesha.

Kutoka Safari hadi Goma

Porsche hawakuusahau udongo wa Afrika. Mwaka 1984 René Metge alishinda Paris–Dakar kwa 911 iliyoinuliwa na kupewa nguvu magurudumu yote manne. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza gari la kuuza lenye jina la 911 Dakar. Liko milimita 50 juu kuliko 911 ya kawaida yenye springi za michezo, linaweza kujiinua milimita 30 zaidi, na chini lina mabamba ya chuma kisichoshika kutu. Yalitengenezwa 2,500 tu. Waldegård naye alirudi Afrika Mashariki uzeeni, na mwaka 2011 akashinda Safari ya magari ya zamani ndani ya Porsche 911, miaka 37 baada ya kupokonywa ushindi na Lancer ya Joginder Singh.

Safari yenyewe ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021 na kituo chake kikawa Naivasha. Siku hizi inapita njia zilizofungwa na umbali wake umepungua sana. Lakini mawe yapo, na magari yanayotoka Ulaya bado yanainuliwa kabla ya kushushwa njiani.

Hapa Goma magari mengi yanayonunuliwa si ya michezo, lakini mengi yalitengenezwa kwa lami ya Japani, na kwa jiwe la lava tofauti ni ndogo: tumbo la chini ni tumbo la chini. Anayetaka kununua gari la kazi anauliza bei, mwaka na mafuta linayokula. Wachache wanapiga magoti na kupima kwa mkono nafasi iliyopo kati ya karteri na ardhi. Kipimo hicho ni bure, na kinafaa kufanyika gari likiwa limebeba watu, kwa sababu gari tupu linadanganya.

Anayekwisha kulinunua anaweza kwenda kwa fundi na kumwuliza maswali yaleyale ya mafundi wa rali: bamba litafungwa wapi, nafasi gani itabaki, pua itapinda namna gani, mafuta yatamwagwa wapi. Na baada ya kila kishindo kikubwa, bamba lifunguliwe na kutazamwa. Bamba lililopinda mpaka kugusa karteri limekwisha kazi yake, hata kama kwa nje linaonekana zima.

Kuna kimo kimoja ambacho shofere hawezi kukipandisha peke yake, nacho ni cha barabara. Timu za Safari zilifunga mabamba kwa sababu zilikuja siku chache kwa hiari yao, zikiwa na helikopta, mafundi na vipuri. Taksi ya Goma inapita jiwe lilelile kila siku, asubuhi na jioni, bila kombe mwisho wa njia. Kila bamba linalofungwa katika garaji zetu ni kodi ndogo ambayo mwenye gari analipa mara ya pili, baada ya ile ya kwanza aliyolipa ili barabara itengenezwe.

Mpaka siku barabara hiyo itakapotengenezwa, shofere ataendelea kusimama baada ya kila mlio, kuinama, na kutafuta tone jeusi juu ya jiwe.